Simu ya Zamani: Tuitunze au Tuibadilishe?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika semina ya Tume ya Haki na Amani)



Mmezoea kuisikia Tume yetu ikizungumzia mirathi ya wajane, migogoro ya mashamba na wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Huenda wengine wenu mmeshangaa kuona katika ratiba ya leo neno simu. Hatukulichagua kwa kutafuta mambo mapya. Limeletwa kwetu na waamini wenyewe. Baba ana binti chuoni anayedai kwamba simu aliyonayo haimfai tena. Mama anauza samaki, na simu yake huzima saa sita mchana kabla wateja wa jioni hawajapiga. Katibu wa jumuiya ameamka siku moja na kukuta WhatsApp inamwambia kwamba simu yake haitumiki nayo tena. Wote watatu wanauliza jambo moja: je, niendelee na simu hii, au ninunue nyingine?

Tungependa kwanza kuondoa fikra kwamba swali hili ni la anasa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata hapa Tanzania, simu imekuwa pochi. Baadaye zilipoenea simu janja, ikawa pia daftari la mauzo, ubao wa matangazo ya parokia, na mahali pa kusomea matokeo ya mitihani. Kumwambia mtu aridhike na simu mbovu kwa sababu Mkristo hapaswi kupenda vitu, ni kumhubiria fadhila ambayo sisi hatuilipii gharama yake. Tena simu nyingi katika mitaa yetu zimekwisha kupita mikono miwili au mitatu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikemea utamaduni wa kutumia na kutupa. Utamaduni huo haukuanzia kwa mama anayefunga simu yake kwa mpira wa pesa ili betri isidondoke.

Lakini umeanza kutufikia, hasa kupitia vijana wetu na kupitia mikopo. Ndiyo maana yatupasa kuuchunguza kwa makini.

Tuanze kwa kuuliza: kimeharibika nini? Swali hili ni dogo, na tumeona kwamba watu wengi hulipita. Mtu husema, "Simu yangu imezeeka," kana kwamba anamsema ng'ombe. Simu haizeeki yote kwa pamoja. Huchoka sehemu moja, na mara nyingi sehemu hiyo ni betri. Betri za lithiamu hupungukiwa uwezo kwa kutumika. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa kwamba baada ya kujazwa chaji kamili mara 500 hivi, betri hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Mwenye kuitumia simu mpaka ikaisha chaji kila siku hufikia hapo katika mwaka mmoja na nusu. Joto nalo huharakisha uchakavu: simu inayoachwa mbele ya kioo cha daladala juani, au inayochajiwa usiku kucha chini ya mto, huchoka mapema zaidi.

Na betri iliyochoka huweza kuifanya simu nzima ionekane imechoka. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa. Ilieleza kwamba nia yake ilikuwa kuzuia simu zisizime ghafla. Hata kama ndivyo, wenye simu hawakuwa wameelezwa. Mtu aliyeona simu yake inakokota angeweza kununua nyingine, kumbe alihitaji betri tu. Kampuni hiyo iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa inayolinda walaji iliitoza faini ya euro milioni 25. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha waziwazi jinsi mnunuzi asiyeambiwa ukweli anavyoweza kulipia simu nzima mahali ambapo betri ingetosha.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni kwenda kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Mafundi simu wapo kila penye soko, na wengi ni vijana wa parokia zetu. Betri hubadilishwa. Tundu la chaji lililolegea hutengenezwa. Kioo kilichopasuka nacho hubadilishwa, ila hapa inafaa kupiga hesabu: kioo cha baadhi ya simu hukaribia bei ya simu nyingine ya umri uleule, na hapo kuitengeneza kunaweza kuwa hasara. Jambo moja tu halingojei hesabu. Betri ikivimba mpaka kuinua kioo au mfuniko wa nyuma, simu isichajiwe tena wala isitobolewe, kwa maana inaweza kulipuka moto. Ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Kuna pia simu zinazokokota kwa sababu zimejaa. Nafasi ya kuhifadhia ikiisha, simu hukosa mahali pa kufanyia kazi zake. Katika kundi la WhatsApp lenye watu 200, kila picha inayotumwa huweza kujihifadhi katika simu 200. Tuseme wazi kwamba yale maua ya "asubuhi njema" yanayorushwa kila alfajiri katika makundi ya kwaya na vyama vya kitume yana mchango wake katika mzigo huu. Kufuta picha na video zisizo na kazi, na kuzuia zisijihifadhi zenyewe, ni kazi ya nusu saa.

Sasa tuje kwenye upande wa pili, ambao watetezi wa kutunza vitu vya zamani huusahau. Kuna simu isiyo na mkwaruzo hata mmoja ambayo haifai tena kwa kazi fulani. Watengenezaji hutuma mara kwa mara masahihisho ya kuziba nyufa ambazo wezi wangeweza kupenya na kuingia ndani ya simu. Siku moja huacha kuyatuma. Tangu hapo nyufa mpya zinazogunduliwa hubaki wazi. Mwenye simu ya Android anaweza kufungua mipangilio, aende palipoandikwa Kuhusu simu, na asome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe hiyo ikiwa ya miaka mitatu au minne iliyopita, ajue kwamba ulinzi umekwisha kuondoka langoni. Baadaye programu zenyewe huanza kuikataa simu. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0 tarehe 24 Oktoba 2023, na katika simu za iPhone zilizo chini ya toleo la 15.1 la mfumo wake mwaka 2025.

Hapa pana suala la haki. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi masahihisho kwa miaka 7, na Samsung ikaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Hizo ni simu za bei kubwa. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo zinazonunuliwa na watu wetu, kwa kawaida hupewa muda mfupi zaidi. Maskini huuziwa kitu chenye maisha mafupi, kisha huambiwa kwamba amechelewa. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji waendelee kutoa vipuri muhimu vya simu kwa miaka 7 tangu aina hiyo ya simu ilipokoma kuuzwa, na masahihisho ya mfumo kwa angalau miaka 5. Inataka pia betri zistahimili kujazwa mara 800 zikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo. Ikiwa jambo hilo linawezekana kwa mnunuzi wa Ulaya, hatuoni sababu ya haki inayolifanya lisiwezekane kwa mnunuzi wa Kariakoo au Mwanza. Sisi Waafrika ni wanunuzi wengi. Ni halali kabisa wabunge wetu na mamlaka zetu za mawasiliano waulizwe swali hilo.

Kwa sasa, nani hasa anapaswa kuiacha simu iliyokwisha ulinzi? Kwa maoni yetu, wa kwanza ni yule anayeshika mali ya wengine. Mtunza hazina wa jumuiya au wa kikundi cha kuweka na kukopa, anayetumia programu ya benki katika simu iliyoachwa na mtengenezaji wake miaka mitano iliyopita, anahatarisha fedha ambazo si zake. Hapo kuendelea na simu ya zamani si unyenyekevu tena. Lakini hata yeye ana njia ya kati. Huduma za fedha zinazofanyika kwa kubonyeza nyota na namba hazihitaji simu janja. Laini ya fedha za kikundi inaweza kuwekwa katika simu ndogo ya kitochi, inayofungiwa sandukuni pamoja na daftari la mahesabu, na ile simu janja ya zamani ikaendelea kupokea matangazo na picha za harusi.

Pia tusidanganyike kwamba simu mpya humlinda mtu na kila mwizi. Wengi wanaoibiwa kwa njia ya simu huibiwa kwa maneno matamu, na aliyeuliza namba ya siri akapewa hakuhitaji ufa wowote. Ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huingia kwenye simu ya jana na ya mwaka 2010 kwa usawa.

Ndugu wapendwa, tumefika mahali panapotutia uchungu zaidi, nako ni mikopo ya simu.

Siku hizi mtu hupewa simu mpya kwa kianzio kidogo, kisha hulipa fedha kidogo kila siku. Tuchukue mfano wa kupigia hesabu. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 300,000. Kwa mkopo unatoa kianzio cha shilingi 60,000 na kulipa shilingi 1,200 kila siku kwa mwaka mmoja. Siku 365 mara 1,200 ni shilingi 438,000. Ongeza kianzio, unapata shilingi 498,000. Simu ya laki tatu imelipiwa karibu laki tano. Shilingi 1,200 haionekani kuwa kitu asubuhi moja, na ndiyo maana ikapangwa hivyo. Injili ya Luka, katika sura ya 14, inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama yote. Tunawasihi wanajumuiya wafanye hesabu hiyo kwenye karatasi, mbele ya mume au mke, kabla ya kutia saini.

Riba si ubaya pekee. Simu hizi huwekewa programu inayoifunga simu kutoka mbali pindi malipo yanapokosekana. Mama lishe akiugua juma moja, hukuta namba za wateja wake zote zimefungiwa ndani ya simu ambayo amekwisha kuilipia zaidi ya nusu. Ili apate fedha ya kulipa deni anahitaji simu, na ili aipate simu anahitaji kulipa deni. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinakataza kumwekesha mtu rehani jiwe lake la kusagia, kwa kuwa kumnyang'anya jiwe hilo ni kumnyang'anya uhai. Waisraeli walijua tofauti kati ya mali ambayo mtu anaweza kuikosa na chombo kinachomlisha. Kwa mama lishe huyu, simu ndiyo jiwe la kusagia.

Hatusemi kwamba kila mkopo wa simu ni dhambi. Kijana wa bodaboda anayepata abiria kwa njia ya simu janja anaweza kukopa na deni likajilipa lenyewe. Lakini anayekopa ili kupata kamera nzuri zaidi huku simu ya kwanza bado inapiga na kupokea, huyo amenunua deni, na simu amepewa nyongeza. Mwenye haja ya kweli afikirie kwanza kikundi chake cha kuweka na kukopa. Kikundi kinaweza kusikiliza shida yake akiugua, na hakina programu ya kumfungia.

Wengine hukimbilia simu za mkononi mwa mtu. Si vibaya, ila bei ikiwa ya ajabu, ulizeni imetoka wapi. Simu ina namba yake ya utambulisho, inayoonekana ukibonyeza *#06#. Kwa namba hizo Tanzania ilizifungia simu bandia katikati ya Juni 2016, na kwa namba hizo simu ya wizi huweza kufuatiliwa hadi kwa mnunuzi asiye na habari. Daini risiti. Na anayeuza au kumpa ndugu simu yake ya zamani aondoe laini, atoke katika akaunti zake zote, na kufuta kila kitu kwa kuirudisha simu katika hali ya kiwandani.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba gharama yote hulipwa na mnunuzi. Sivyo. Ndani ya kila simu mna tantali, inayotokana na madini ya koltani, na katika betri nyingi mna kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Koltani huchimbwa Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, na watu wanaochimba kwa sururu na koleo na kubeba mifuko mgongoni. Wachimbaji wa huko, kama wale wa Kolwezi, huongea Kiswahili. Wanapoomba msaada shimo linapoporomoka, wanaomba kwa lugha ambayo mimi na wewe tungeielewa.

Mwezi Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya. Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka huohuo kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka eneo hilo, na wataalamu wake waliripoti mwishoni mwa mwaka kwamba waasi walikuwa wakikusanya kodi ya takriban dola 800,000 kila mwezi kutokana na koltani. Januari 2025 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Vita vya Kongo vina mizizi mingi, na si haki kuvieleza kwa madini peke yake. Lakini ndugu zetu Wakongo walioko kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako wakimbizi walianza kupokewa mwaka 1996, wanajua kwamba bunduki hununuliwa kwa fedha, na fedha hutoka mahali fulani. Baba Mtakatifu Fransisko alipozuru Kinshasa Januari 2023 aliyaambia mataifa yenye nguvu yaondoe mikono yao Kongo na Afrika, kwa kuwa bara hili si mgodi wa kuporwa.

Je, mtu wa Tabora akiitunza simu yake mwaka mmoja zaidi, vita vitakoma Masisi? Havitakoma. Wala kususia kabisa si jibu rahisi: Marekani ilipotunga sheria mwaka 2010 ya kuyataka makampuni yaeleze asili ya madini yao, wanunuzi wengi waliikimbia Kongo yote, na wachimbaji wasio na hatia wakakosa riziki. Tunachosema ni hiki: simu iliyokwisha kutengenezwa imekwisha kudai jasho lake, na pengine damu yake. Kuitupa ikiwa bado nzima ni kulidharau jasho hilo, na kuagiza lingine.

Kuhusu taka tutasema machache. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Kwetu betri huishia katika shimo la taka nyuma ya nyumba, nalo huchomwa moto Jumamosi huku watoto wakicheza kando yake. Betri ya simu isichomwe kamwe. Irudishwe kwa fundi, ambaye ana njia ya kuikusanya pamoja na nyingine, au itunzwe mahali pakavu, mbali na moto na watoto, hadi mkusanyaji anayeaminika apatikane.

Tukirudi kwa wale watatu tuliowataja: yule mama wa samaki anahitaji betri. Binti wa chuo aonyeshe ni kazi gani ya masomo ambayo simu yake imeshindwa kuifanya, na baba amsikilize kwa haki, kwa maana yawezekana ni kweli. Katibu hana budi kubadilisha, kwa sababu matangazo ya jumuiya nzima yanapitia kwake.

Lakini je, katibu huyo anunue kwa fedha zake? Hapa Tume ina hoja mahususi. Kwa miaka mingi tumewaachia makatibu na watunza hazina wetu gharama ya simu, vocha na kifurushi, huku kazi ikiwa ya wote. Matokeo yake uongozi umeanza kuangukia kwa wenye simu nzuri, na wajane wenye busara wanapitwa kwa kukosa kifaa. Tunapendekeza kwamba simu ya kazi iwe mali ya jumuiya, ikabidhiwe kwa maandishi, na irudishwe kiongozi anapomaliza muda wake. Halmashauri ya Walei imekubali kulijadili pendekezo hili katika kikao chake kijacho. Kila mtunza hazina anaombwa kuja na hesabu ya kile ambacho jumuiya yake imetumia mwaka huu kwa mawasiliano, na ya kile ambacho viongozi wake wamelipa kutoka mifukoni mwao.